Mwandishi wa Ubao

Nyakabanda, Kigali
Jumamosi, Septemba 1992

Furaha,

Umekwenda kwa Mama Shantali kunyolewa, na Mama Shantali hamalizi kichwa cha mtu kabla hajamaliza habari za mtaa, kwa hiyo nina kama saa mbili. Nimekaa barazani na karatasi iko juu ya mfuniko wa sanduku lako. Baba yuko bandani anagonga masanduku mawili ya mwisho ya bati, ya wanafunzi wa msimu huu. Kila nyundo inaposhuka, mabati yaliyoegemezwa ukutani yanaitikia na kalamu yangu inaruka. Ukiona herufi zimeyumba, sababu ni hiyo. Sitaandika upya. Zamani ningeandika upya.

Habari za safari ya kurudi shuleni Baba amekwisha kukueleza: basi la kesho asubuhi pale Nyabugogo, karatasi zako ziwe karibu kwa sababu ya vizuizi barabarani, na wanajeshi wakisema fungua sanduku, fungua bila kununa. Habari za sabuni, blanketi na dawa ya minyoo nimekueleza mimi mpaka ukaziba masikio. Hayo nayaacha.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho Mama alichotuletea kutoka Kigoma, na ndicho tunachosema tukifunga mlango. Barua hii haitapita posta. Msimamizi wenu wa bweni hufungua barua za wasichana, na haya si ya msimamizi. Nitakupa mkononi jioni, kabla ya chakula, kisha nitachukua ndoo niende bombani ili nisikuone ukisoma. Kwa mdomo ningeshindwa. Unanijua.

Humu ndani nitakuita mwanangu. Mama alipokufa ulikuwa na miaka tisa na mimi kumi na tatu. Siku ya kumaliza matanga shangazi alikusukuma kwangu mbele ya watu wote, akasema, "Dafroza, huyu sasa ni mtoto wako." Ulikuwa umeshika kipande cha mkate na pua inatoka kamasi. Niliitikia kwa kichwa tu, maana watu walikuwa wengi. Nimekuwa mama yako miaka sita na sijawahi kukuita hivyo hata mara moja. Umeniita dada na mimi nimekuita Furaha, ikatosha.

Sasa lile jambo.

Mwezi wa saba uliporudi likizo hukungoja hata kuvua viatu. "Baba! Dada! Sikieni! Sista amenichagua. Tukirudi, mimi ndiye mwandishi wa ubao."

Baba akauliza, "Ndiyo kazi gani hiyo?"

"Sista ana kitabu kimoja tu cha biolojia. Ananipa mimi, ninaandika ubaoni, darasa zima wananakili. Na mwandishi hachoti maji, Baba. Hadeki bweni. Anashika ufunguo wa kabati la chaki!"

"Ufunguo!" Baba akacheka. "Mimi na uzee huu sijawahi kupewa ufunguo wa mtu."

"Sista anasema mwandiko wangu kama umechapwa kwa mashine."

Baba akanigeukia. "Huo ni wa dada yako. Umeurithi."

Nilikusanya sahani nikaenda kuziosha. Ulinifuata mpaka uani, ukaniuliza, "Dada, hukufurahi?" Nikakujibu kwamba nimefurahi, moshi tu unaniumiza macho. Siku hiyo tulikuwa tumepikia makaa, moshi haukuwepo.

Hukuurithi mwandiko huo, mwanangu. Nilikutia mimi kwa rula.

Mimi nilikuwa mwandishi wa ubao kwa miaka sita. Nilianza muhula uleule alipokufa Mama. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na kitabu kimoja kilichokwisha jalada, na siku moja alipita kati ya madawati akiangalia madaftari, akasimama kwangu. "Nani aliandika hivi?" Nikanyoosha kidole nusu. Akanipa kitabu na chaki, akatoka nje. Tangu siku hiyo kila mwalimu aliyekuwa na kitabu kimoja aliniita mimi. Vita vilipoanza kule kaskazini wakawa wanatoka nje kusikiliza redio, na kipindi chote kikawa changu.

Usidhani nililalamika. Nilipenda. Ukiwa ubaoni umewapa watu wote mgongo na hakuna anayeweza kukuuliza kitu. Hakuna anayekutazama usoni akakumbuka kwamba umefiwa. Wanatazama maneno. Nilikuwa nikiandika nikiwaza kama umekula mchana, kama Baba amekumbuka kufunga mlango wa banda, kama maharage niliyoyaloweka yatatosha. Mkono ulikuwa unafanya kazi yake peke yake. Baada ya kipindi nilikuwa naazima daftari la mtu na kunakili kile nilichokiandika mwenyewe, pamoja na makosa ya yule niliyemwazima. Kisha natembea kurudi nyumbani haraka kukupikia.

Madaftari yangu yalikuwa mazuri kuliko yote. Mwalimu mmoja aliyaonyesha kwa wageni. Mkono wangu ulisoma shule ile, Furaha. Mimi nilikuwa nimeusindikiza.

Kulikuwa na msichana mmoja darasani kwetu, Konsolata, wa kutoka Ndera. Ulimwona mara moja, yule mrefu aliyekuja hapa akakaa juu ya sanduku la mteja mpaka Baba akamwambia ashuke. Daftari lake lilikuwa kama kuku mwenye miguu ya matope amepita juu yake. Ananakili nusu, anaacha, ananyoosha mkono. "Mwalimu, hapo sijaelewa."

"Konsolata, tena wewe?"

"Tena mimi, mwalimu. Kama umeme unakwenda haraka hivyo, mbona taa ya kwetu inafikiria kwanza ndiyo iwake?"

Darasa linakufa kwa kicheko. Walimwita Mama Maswali. Hata mimi nilikuwa nacheka, uso ukiwa kwenye ubao. Mwalimu alikuwa anaingia ndani, amekasirika kidogo, anaanza kueleza, na katikati ya kueleza anakuwa si mtu wa kukasirika tena. Nilikuwa nasikia sauti yake inavyobadilika nyuma yangu. Nilikuwa nangoja amalize ili niendelee na mstari.

Jioni nilikuwa nakukalisha mezani na daftari la mistari miwili. Nilitaka uwe nacho kitu nilichokuwa nacho mimi, na hicho ndicho pekee nilichokijua. Herufi ndogo ziguse mstari wa chini, kubwa ziguse wa juu. Ulikuwa mtoto wa maswali, huenda umesahau. Jioni moja uliweka kalamu chini ukaniuliza, "Dada, kwa nini bati linaota kutu pale Baba alipolikunja, na mahali pengine halioti?"

Nikakuambia, "Andika."

"Lakini kwa nini?"

Nikakupiga rula kwenye vidole. Sikuwa na hasira. Maji ya ugali yalikuwa yanachemka na sikujua jibu, na kusema kwamba sijui sikuona kama ni kitu ambacho mtu husema. Ulinitazama, ukachukua kalamu, ukaandika ukurasa mzima bila kosa. Nilikusifu. Baada ya hapo sikumbuki swali lako jingine mezani pale. Miaka hiyo niliona kwamba umetulia. Nilimwambia hata Baba, "Furaha siku hizi ametulia," na Baba akasema umekua.

Hilo ni kosa langu la kwanza. La pili umelisikia kwa namna nyingine, kwa hiyo lisome taratibu.

Unakumbuka nilivyowaambia nyumbani kwamba majina ya walimu wapya hayajatoka? Yalitoka. Yalitoka mwezi uleule ulipokuja likizo, na langu halimo. Karatasi yangu ya matokeo iko ndani ya lile kopo tupu la rangi ya bluu, juu ya rafu, nyuma ya makopo mengine. Imeandikwa kwamba mitihani ya maandishi nilifanya vizuri sana na somo la majaribio nilianguka.

Somo la majaribio linakuwa hivi. Sisi tuliosomea ualimu, mwisho kabisa, kila mmoja anapewa darasa la watoto wa shule ya msingi kwa dakika arobaini, na mkaguzi anakaa nyuma kwenye kibenchi cha watoto, magoti yakimfika kidevuni. Mimi nilipewa somo la mmea na maji. Niliingia nikasalimu, watoto wakaitikia wote kwa pamoja, na sauti yao ilinijia kama mtu amefungua mlango kwa teke. Nikageuka nikachukua chaki.

Nilichora mharage. Nilichora mizizi kwa chaki ya kahawia, shina la kijani, na mishale ya bluu inayoonyesha maji yanavyopanda. Niliandika kichwa cha somo, nikakipigia mstari kwa rula. Niliandika sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilikuwa kazi nzuri, nasema kweli. Nyuma yangu mtoto mmoja wa kike akauliza, "Mwalimu, mmea hauna mdomo. Unakunywaje?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nimeliandika mara ngapi maishani mwangu. Basi nikamjibu: nikaliandika ubaoni, kwa herufi zilizosimama wima, nikalipigia mstari. Mizizi hufyonza maji kutoka ardhini.

Yule mtoto akasema, "Ndiyo, lakini unakunywaje?"

Nikaanza kuandika sentensi nyingine. Hapo mkaguzi akasema kwa sauti ya upole, kama anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia, "Madmazeli, watoto wako huku."

Watoto wakacheka. Niligeuka. Nikaona nyuso, zote kwa mara moja, na kila uso unangoja. Sikuwa nimesahau, maneno yote yalikuwepo, ila yalikuwa yamekaa mkononi, hayajawahi kupita mdomoni. Nilisimama nimeshika chaki mpaka mkaguzi akatazama saa yake na kuandika kitu. Mtoto mmoja wa mbele aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, una chaki puani." Ndiyo neno la mwisho la somo langu.

Nilirudi nyumbani nikapika viazi na mboga za dodo. Baba akauliza somo lilikwendaje, nikasema lilikwenda.

Tangu hapo wateja wananiita mwalimu, umewasikia. "Mwalimu, sanduku ya mtoto yangu iko tayari?" "Mwalimu, andika jina vizuri, mtoto iko anaenda mbali." Mimi nachovya brashi, naandika majina ya watoto wa watu kwa rangi nyeupe juu ya masanduku ya Baba, na masanduku yanakwenda Byumba, Butare, Cyangugu. Mwandiko wangu umefika kila shule ya nchi hii.

Mwezi wa nane nilikwenda Ndera kumtazama Konsolata. Nilikuambia nakwenda kununua mboga. Jina lake lilitoka, amepangiwa shule kulekule kwao, na wakati wa likizo alikuwa anafundisha watoto kwenye ukumbi wa parokia. Nilifika akiwa katikati ya somo, nikasimama dirishani. Ubaoni kulikuwa na neno moja tu, na hilo lenyewe limepanda kama linakwenda mlimani. Yeye alikuwa amekaa juu ya dawati, miguu inaning'inia, watoto wamemzunguka, wanapiga kelele.

Mtoto akamuuliza kitu kuhusu mwezi. Konsolata akasema, "Hilo sijui. Nani anajua?"

Mikono ikapanda. Kila mmoja na uongo wake. Yeye akawa anawauliza, "Umejuaje? Umeona wapi? Na wewe, unakubali anachosema huyu?" Nilingoja wamcheke kwa kusema hajui. Hakuna aliyecheka.

Tulipokaa nje baadaye nikamwambia yangu yote. Ni mtu wa kwanza kuambiwa. Akanisikiliza huku anamenya ndizi.

"Weye Dafroza," akasema, "unajua kwamba darasa zima tulifaulu kwa mwandiko wako?"

"Usinitanie."

"Sikutanii. Mimi nilikuwa sioni vizuri toka nyuma. Walimu wengine waliandika ubaoni kama wanakimbizwa. Wako nilikuwa nausoma hata jioni. Kila swali nililouliza, nilikuwa nauliza kitu ulichoandika wewe." Akanipa nusu ya ndizi. "Sasa wewe, katika vyote ulivyotuandikia, hakuna hata kimoja ulichoshangaa?"

Nilifikiri njia nzima ya kurudi. Kipo. Katika mwaka wa nne niliandika kwamba mwanga wa nyota nyingine tunaouona leo uliondoka huko kabla hatujazaliwa. Nilisimamisha chaki. Nilitaka kugeuka niulize: basi tukitazama juu tunatazama lini? Nilihesabu mpaka tatu, nikaendelea na mstari. Swali hilo bado ninalo na mwalimu wa kuulizwa sinaye tena.

Wewe bado unaye, mwanangu. Una miaka mitatu ya watu wanaolipwa kuulizwa. Nimeifikiria hiyo miaka mitatu yako kuliko ninavyofikiria yangu. Umesema unataka udaktari. Sijui nafasi ni ngapi wala wanachagua vipi, na sitajifanya ninajua. Najua tu kwamba siku moja atakaa mtu mbele yako na tumbo linamuuma, atakuuliza kitu, na hautakuwepo ubao wa kugeukia.

Sikukatazi kazi ya Sista. Nilitaka kukukataza, wiki tatu nimetembea na neno hilo mdomoni. Halafu nikaona nitakuwa nimechukua rula tena. Ninachokuomba ni kimoja. Ukifika, kabla hujapokea ufunguo, nenda kwa Sista umwambie unataka kazi hiyo iwe ya zamu: leo wewe, kesho mwingine, hata yule mwenye mwandiko wa kuku. Mwambie kwamba na wewe unataka siku za kukaa kwenye dawati. Atakuuliza kwa nini. Jibu lolote utakalompa litakuwa lako, na hilo peke yake litanitosha. Akikataa, utachagua mwenyewe, na utakuwa umechagua ukiwa unajua ninachokijua mimi.

Watakucheka ukianza kuuliza, maana hawajakuzoea hivyo. Nimewahi kuwa mmoja wa wanaocheka, nakuambia tunavyokuwa: tunacheka, kisha tunasikiliza jibu, kisha tunaliandika na kujifanya tulilijua. Kicheko cha darasa hakimalizi hata dakika. Na daftari lako likichafuka kwa sababu umeandika kwa maneno yako, umekata, umerudia, liache chafu. Usilinakili upya Jumapili. Jumapili lala, au tembea na hao rafiki zako, mbishane. Mimi sikuwahi kubishana na mtu yeyote pale shuleni na sikumbuki sauti ya wengi wao.

Nataka kukuambia pia nilichokifanya leo, usije ukadhani nakupa dawa ambayo mimi sijaionja.

Saa sita nilimpelekea Baba chai bandani. Alikuwa anakunja ukingo wa bati kwenye chuma. Nilibaki mlangoni.

"Baba, majina ya walimu yalitoka."

"Lini?"

"Mwezi wa saba."

Akaendelea kukunja. "Na lako?"

"Halimo. Nilianguka somo la majaribio."

Nyundo ikasimama. "Wewe ulianguka? Na madaftari yale?"

"Ndiyo, Baba."

"Ulifanya nini?"

"Niliwapa watoto mgongo. Niliandika ubaoni, sikusema nao."

"Somo zima?"

"Somo zima."

Alifuta jasho na kile kitambaa chake cha mafuta, akabaki na doa kwenye paji. "Hata mimi nikiuza sanduku namtazama mtu usoni," akasema. Kisha akasema, "Nimemwambia kila mtu hapa. Mpaka padri."

"Najua, Baba."

Nilidhani ataniambia nitoke. Akasema, "Shika huku." Nikashika upande wa pili wa bati, tukakunja pamoja. Chai ilikuwa inapoa. Na kwa kuwa nilikuwa tayari nimesema jambo kubwa kuliko yote, dogo likatoka lenyewe. Nikamuuliza kwa nini bati linaota kutu pale lilipokunjwa.

Hakushangaa kuulizwa. Akanivuta karibu akanionyesha kwa ukucha. Bati lina ngozi nyeupe juu yake, akasema, ndiyo inayolilinda. Ukilikunja, ngozi ile inapasuka nyufa ndogo ambazo jicho halioni, na maji yanaingia hapo. "Ndiyo maana pembe napaka rangi kwanza, kabla ya mahali pengine. Hujawahi kuona?" Miaka yote hiyo nimekaa na brashi mkononi na sijawahi kuona. Basi jibu lako ni hilo, Furaha. Limechelewa miaka sita, na lilikuwa hatua ishirini kutoka mezani.

Tukiwa bado tumeshika bati akaingia mama mmoja wa Muhima, aliyeagiza sanduku la mwanawe. "Mwalimu iko? Nataka jina ya mtoto."

Baba alinitazama kidogo. "Dafroza yuko," akasema. "Mwalimu bado."

"Bado nini?"

"Bado, mama. Lete jina."

Aliyeanguka somo la majaribio anaruhusiwa kulirudia mara moja. Ni lazima ajiandikishe mwenyewe, kwa mdomo, kwenye dirisha la ofisi moja kule Muhima, na siku za kujiandikisha zinaisha wiki ijayo. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima, watu wakinipita. Mara ya pili karani mwenyewe aliniita, "Na wewe, dada, unataka nini?" Nikamjibu kwamba namsubiri mtu. Nikaondoka. Mtu mwenyewe nilikuwa mimi, nadhani, na hakuja.

Jumatatu ninakwenda tena. Sijui kama nitasema. Nimejaribu maneno yale hapa barazani, kwa sauti, mbele ya masanduku: nimekuja kurudia somo la majaribio. Kuku wa jirani alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Ukifika, niandikie Sista alisema nini, na mimi nitakuandikia karani alisema nini. Msimamizi akizifungua barua hizo atakuwa amesoma habari za dirisha na ufunguo, hatapata kitu.

Nasikia sauti yako kwa Mama Shantali. Mnacheka, kwa hiyo amefika kwenye habari za mwenye duka. Kichwa kimebaki nusu.

Asubuhi uliniletea sanduku hili ukasema, "Dada, jina langu uliandike kubwa kuliko ya wote, waone." Nikakuambia rangi imeganda, ngoja. Haikuganda. Nimeandika majina ya msimu mzima na lako sijaliandika, na sitaliandika.

Kopo la rangi nyeupe liko chini ya dirisha, brashi nyembamba nimeiosha. Toka na sanduku nje, kwenye mwanga, Baba na Mama Shantali na yeyote anayepita wakikuona. Kaa upande wa ukutani, uwatazame wao, sanduku likiwa kati yenu. Usipige mstari wa penseli. Rangi hii inahitaji usiku mzima ili ikauke, na basi halingoji, kwa hiyo anza mara tu ukimaliza kusoma. Pembe Baba ameshazipaka. Herufi zikipanda mlima, ziache zipande.

Mimi niko bombani. Nikirudi nitakuuliza umeandika nini, nawe utanisomea.

Mama yako,
Dafroza